Mbegu za Mama Mkwe na Friza ya Biryogo

Mimi najisifu, na sioni haya kulisema hilo mapema. Ukifika kwenye maghorofa yetu ya Busanza, hapa Kigali, ukauliza ni nani anayejua kutunza maharage ya mbegu, utaoneshwa mlango wangu. Wanakuja kuniuliza hata wanawake waliolima tangu utotoni, nami nimekulia upande wa Bukoba nikila ndizi na samaki, na kabla sijaolewa sikuwahi kushika jembe siku tatu mfululizo. Lakini ujuzi huu sikuupata bure. Niliupata katika mwaka mmoja ambao nusura nimwue mama mkwe wangu kwa huzuni.

Ulikuwa mwezi wa Januari, tumeshavuna. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye nyumba moja, goti lake lilikuwa limekataa kazi. Hakuweza tena kuteremka mpaka kwenye shamba lake dogo la bondeni, wala kuinama kugeuza maharage juani. Akaniita chumbani kwake, akanionesha gunia la mbegu, kilo kama ishirini hivi.

"Mukazana," akasema, "mguu umekataa. Hii mbegu sasa iko kwako. Tutaona."

Mukazana kwa Kinyarwanda ni mke wa mwana, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita miaka yote kumi na mitano ya ndoa yangu. Jina hilo halikunisumbua. Iliyonichoma ni ile "tutaona". Alimaanisha kwamba mtoto wa watu aliyetoka Tanzania na ushonaji wake bado hajawa mwanamke wa nyumba ile, na gunia hili ndilo litakalosema kama atakuwa au hatakuwa. Nilimjibu, "Utaona, Mama," nikalibeba gunia lenyewe begani bila kumwomba mtu msaada.

Asiyejua atasema maharage ni maharage. Gunia lile lilikuwa na mbegu za kila rangi zilizochanganywa pamoja: nyekundu, za njano, za madoadoa, nyeusi ndogondogo, na nyeupe kubwa ambazo mama mkwe alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa. Huzipanda hivyo hivyo, mseto. Mvua ikizidi, hizi zinaoza na zile zinasimama. Jua likiwa kali, zile zinanyauka na hizi zinabeba. Nyumba haikosi chungu. Tena alizipanda mara moja tu kwa mwaka, Septemba, kwa sababu baada ya maharage shamba lake hupokea mtama. Kwa hiyo mbegu ya Januari ilitakiwa kukaa ndani miezi minane ikiwa hai. Ikifa, hapana pa kwenda kununua nyingine kama hiyo. Sokoni utapata maharage mazuri tu, ya rangi moja, lakini yale meupe ya mama yake usingeyapata hata kwa kupiga magoti.

Kule tulikokaa kabla ya kuhamia maghorofani, kazi hii ilifanywa na moshi. Mama mkwe alipikia kuni, na chungu cha mbegu kilikaa juu ya jiko kwenye uchaga, mbegu zimechanganywa na majivu. Moshi uliwakimbiza wadudu, joto likazuia unyevu, naye alichotakiwa kufanya ni kupika kila siku. Busanza tuna gesi. Huna moshi, huna majivu, huna uchaga, na ukuta ukianza kuingia weusi utaulizwa.

Nami nikaona hapo ndipo pa kung'aa. Nilikuwa nimesikia habari za mfuko wa tabaka tatu, ule unaofungwa mpaka hewa isipite, na fukusi aliyemo ndani anakosa pumzi anakufa bila dawa yoyote. Nikanunua mmoja. Nilimweleza mama mkwe habari zake kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, naye akanisikiliza amekunja midomo.

Mfuko haukuwa na kosa, na hilo nalisema mpaka leo. Makosa yalikuwa yangu, na yalikuwa mawili.

La kwanza lilikuwa la haraka. Januari ile jua lilikuwa la kuibia, mvua inakuja saa nane mchana bila hodi, na mahali pa kuanikia palikuwa ni kibaraza chetu chenye upana wa kitanda. Nilianika siku sita, nikiingiza na kutoa. Siku ya sita nikachukua punje mbili nikaziuma, zikapasuka ka! kwenye jino. Nikajiambia tayari. Sikuangalia nimeuma zipi. Nilikuwa nimeuma nyeusi ndogo, nazo hukauka kabla ya wenzao wote. Nyeupe kubwa bado zilikuwa na maji tumboni. Mtu anayetunza maharage ya aina moja hawezi kukosea hivyo, maana punje moja inasema habari za gunia zima. Kwenye mseto, ni lazima uume kila rangi, na uanze na kubwa kuliko zote. Haraka haraka haina baraka, na mimi hata mama mkwe sikumuuliza, kwa sababu nilitaka sifa isigawanywe.

Kosa la pili lilikuwa la majivuno. Nguvu ya mfuko ule ni kufungwa ukasahauliwa. Mimi nilikuwa naufungua kila Jumapili. Majirani wakipita baada ya misa, nawaingiza chumbani, nafungua tabaka la kwanza, la pili, la tatu, ili washike mbegu waone zilivyo nzuri. Kila nilipoufungua niliwaletea hewa fukusi wale wale niliotaka kuwanyima.

Mwezi wa Aprili nilifungua mfuko nikakutana na harufu ya kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi. Nikaingiza mkono. Ndani palikuwa na joto. Nyeupe kubwa zilikuwa zimeshikana mabonge, zimeota kuvu ya kijivu na kijani, ukizibonyeza zinabonyea. Za njano zilizokuwa jirani nazo zilishaambukizwa. Nyingine kwa nje zilionekana nzima, lakini nilipozipasua nikakuta kile kijicho cha kuchipukia kimekuwa cheusi. Mbegu inaweza kufa bila kukuonesha uso wa kifo. Nilikaa sakafuni, bonge la nyeupe mkononi.

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili akikoroga uji. Ningeweza kumwita. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo naijua tangu shuleni, lakini sikumwita. Nilifunga mfuko, na kesho yake asubuhi nikaupakia kana kwamba ni vitambaa vya wateja, nikaenda nao kazini.

Kazi yangu ni ushonaji, Biryogo, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Kushoto kwangu kuna mgahawa, kulia kuna dada mmoja anayeuza samaki. Yeye amezaliwa hapo hapo, Mwislamu, mkubwa kwangu kidogo, ana friza kubwa inayonguruma kutwa na mdomo unaonguruma zaidi yake. Ni yeye aliyenihifadhia siri yangu ya miaka yote: kwamba mara mbili kwa wiki nakula samaki kwake kabla ya kurudi nyumbani. Mama mkwe ni wa kizazi ambacho samaki kwao hawakuwa chakula. Harufu yake tu kwenye nguo, atakuuliza umepita wapi.

Tukamwaga mbegu kwenye meza yangu ya kukatia, tukachagua punje kwa punje, siku mbili. Mabaya yakawa karibu nusu ya mfuko.

"Dada," akasema, "hii iko mingi sana kutupa. Osha na maji ya moto, tupike. Chakula hakitupwi."

"Hatupiki," nikamwambia. "Hiyo kuvu unayoiona ni nywele tu. Sumu yake imeshaingia ndani, haitoki kwa sabuni wala kwa moto."

"Wewe ulikuwa unajua hivyo na bado umeacha ikaota?"

Nilichanganya yale mabaya na mchanga na majivu ya mkaa ili mtu asije akayaokota, nikayatupa, na niliporudi kwenye cherehani nilikuwa nalia kwa hasira. Zile nyeupe mama mkwe alizopewa na mama yake, zilizobaki zilienea kwenye kikombe cha chai.

Aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa kuogopa unyevu, safari hii nilianika kwenye bati la dada wa samaki, kisha nikaziacha mbegu kwenye kapu wazi chini ya meza yangu, zimefunikwa kwa kanga, zipate hewa. Nikaona nimekuwa na akili. Wiki tano baadaye nilikuwa napiga pasi mushanana ya bi harusi, ile nguo nyepesi ya sherehe inayofungwa begani, rangi ya maziwa. Kidudu cha rangi ya majivu kikatembea taratibu katikati ya kitambaa. Nikakipangusa. Kikaja cha pili. Nikainama chini ya meza nikafunua kanga.

Kapu lilikuwa linatembea. Chini yake kulikuwa na unga laini kama wa sembe, na juu ya punje kulikuwa na vidoa vya duara vinavyong'aa, kama vidirisha vilivyofungwa. Nyingine vidirisha vilishafunguliwa na mwenye nyumba ametoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Fukusi wa maharage humfuata mkulima kutoka shambani, hutaga kwenye maganda yanapokauka, na kifukusi kichanga kikishaingia ndani ya punje kinakula kimya kimya. Unapoona tundu, kazi imekwisha. Wangu walikuwa wamepona kwenye mfuko kwa sababu ya zile hewa zangu za Jumapili, na bila shaka wengine walihamia kutoka kwenye magunia ya mgahawa. Niliwapa kapu wazi, joto na kivuli. Nyumba ya wageni.

Siku hiyo hiyo aliingia mteja wangu mmoja, bwana shamba, kuja kupunguziwa suruali kiuno. Akanikuta nimepiga magoti nikiwaponda fukusi kwa kidole gumba huku nikiwatukana. Akacheka mpaka akakaa. Kisha akanieleza kitu ambacho sasa nakieleza mimi kwa wengine kama vile nilizaliwa nacho: kuvu inataka maji, mdudu anataka hewa, na mimi nilikuwa nimempa kila mmoja alichotaka kwa zamu yake. Akasema kama napata friza, wiki mbili ndani ya barafu, na fukusi, yai na mtoto wote watakufa, na mbegu itabaki hai. Lakini akanyanyua kidole. Iwe kavu kwelikweli. Mbegu yenye maji ikiganda, inapasuka kwa ndani, na hapo utakuwa umeiua kwa mkono wako.

"Nitajuaje imekauka?" nikamuuliza. "Meno yangu yameshanidanganya."

Akaniomba chupa ya kioo kavu na chumvi. Ukitia mbegu kiasi, ukatia chumvi iliyoanikwa, ukatikisa dakika chache kisha ukaiacha itulie, chumvi itakuambia ukweli. Ikinata kwenye kioo, bado. Ikishuka yote ikaacha kioo kisafi, tayari. Mimi niliongeza langu, na hili sikufundishwa na mtu: niligawa mbegu kwa ukubwa, nikazipima mbalimbali, nyeupe peke yake. Ndogo zilipita siku hiyo hiyo. Nyeupe zilinata. Nikazianika siku moja, zikanata. Siku ya tatu chumvi ikaanguka yote, nikapiga kelele mpaka watu wa mgahawa wakatoka kuangalia nani amepigwa.

Dada wa samaki alinipa kona ya friza. Niliziweka mbegu kwenye ndoo ya mfuniko, nikaizungushia plastiki mara tatu, ikakaa katikati ya sangara na sato.

"Mimi sina shida," akaniambia. "Lakini siku mama mkwe wako akisikia, mimi sikujui, wewe haunijui."

Mama mkwe alisikia siku ya kumi na mbili, na alisikia kutoka kwangu. Alikuwa ameniuliza mezani, bila ukali wowote, "Mukazana, mbegu yangu inaendeleaje? Sijaiona siku mingi." Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nikatazama mikono yake, imekunjamana kwa kuchagua maharage miaka sitini, nikashindwa. Nikamweleza yote tangu punje mbili nilizouma. Nilimwambia kuhusu nyeupe za mama yake. Nilipofika kwenye friza ndipo akauliza, polepole:

"Imerara na samaki?"

"Imelala na samaki, Mama."

Akafunga macho. Kisha akaomba fimbo yake na kitenge cha kutokea, akasema tuite teksi.

Kila mtu wa kichochoroni anaikumbuka siku hiyo. Mama mkwe, mwanamke mrefu, wa Kanisa, rozari shingoni, aliingia kwenye duka la samaki amejiziba pua kwa ncha ya kitenge. Dada wa samaki alimsalimu kwa heshima zote, akamfutia stuli mara mbili. Ndoo ikatolewa ikiwa nyeupe kwa barafu. Mama mkwe akaipokea, akaiweka mapajani, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye mfuniko.

"Hapana, Mama," nikasema. "Isifunguliwe sasa."

Akaniangalia. Katika miaka kumi na mitano sikuwahi kumwambia hapana. Hata dada wa samaki aliacha kunoa visu vyake.

"Ikifunguliwa ikiwa baridi, hewa ya nje itaigeukia maji. Italowa yote, na tutaanza upya na kuvu. Inatakiwa ikae imefungwa mpaka ipate joto letu. Tena bado siku mbili, inatakiwa irudi ndani. Ila kama unataka kuiona leo, basi tusubiri."

Nilikuwa nahema. Yeye alitazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama samaki waliomzunguka. Kisha akaondoa vidole kwenye mfuniko.

"Irudi ndani," akasema. "Siku mbili iishe. Nitakuja tena."

Na kweli alikuja. Siku mbili baadaye alikaa kwenye stuli ile ile tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri, ndoo iliyofungwa ikiwa mapajani mwake, akipapasa ubavu wake mara kwa mara kuona kama baridi imeisha. Ilipofika saa nne alikuwa ameacha kuziba pua. Saa tano alikuwa anamwuliza dada wa samaki habari za watoto wake. Nilimwona kutoka kwenye cherehani yangu, mwanamke mwenye shamba lake, anangoja ruhusa yangu, na nilijivuna nikaumia kwa pamoja, sijui nieleze vipi zaidi ya hapo.

Nilipomwambia tayari, alifungua. Fukusi walikuwa juu, miguu imetazama mbinguni. Alichukua punje akainusa, akaiuma kwa jino la pembeni alilobakiwa nalo, akainusa tena. Akahesabu punje ishirini za rangi zote, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaondoka nazo. Siku ya tano alinibishia hodi chumbani asubuhi, kitambaa kimefunuliwa kiganjani. Kumi na saba zilikuwa zimechipua. Kati ya hizo, nyeupe zilikuwa tatu, na ambazo hazikuchipua zote zilikuwa nyeupe.

"Tatu," akasema.

"Tatu, Mama. Nisamehe."

"Hata mama yangu alinipa punje tano tu," akajibu, akarudi kulala.

Mbegu zikarudi kwenye mfuko wa tabaka tatu, na safari hii sikuufungua mpaka Septemba mvua ilipokuja. Mtoto wa jirani mwenye gari akatushusha mpaka bondeni, tukamketisha mama mkwe kwenye kiti ukingoni mwa shamba. Walikuwepo wanawake wa mashamba ya jirani wanaosaidiana kupanda, majembe mkononi, mashimo yameshachimbwa. Hakuna aliyetia mbegu. Kwa kina mama mkwe, punje ya kwanza inatiwa na mwenye mbegu, na kabla hajaitia, hata mwanawe hathubutu. Wote tulimgeukia yeye tukamngoja. Mimi nilimsogelea nimshike mkono, nikidhani goti ndilo linalomchelewesha.

Aliusukuma mkono wangu. Akabaki amekaa, fimbo magotini, kama mtu aliyekuja kutazama. Mmoja wa wale wanawake akamwita, "Mama, jua linapanda, tunakungoja wewe."

"Mimi iko mgeni hapa," akasema kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno moja. "Mwenye mbegu ni yule. Mungojeni yeye."

Macho yote yakanihamia. Machozi yalinitoka pale pale mbele ya watu, wala sikuyafuta. Niliingiza mkono kwenye kikombe nilichotia nyeupe peke yake, nikatafuta iliyo kubwa kuliko zote, nikainama nikaitia ardhini.